Bega la Mwalimu Wilbard

Wilbard wa kijiji cha Mhezi, huku milimani, alikuwa na mdomo uliochoka kuliko miguu, na miguu yenyewe ilikuwa hoi. Miaka thelathini na minane alikuwa akipuliza tarumbeta. Ijumaa mazishi, Jumamosi harusi, Jumapili ibada, na Jumatatu anaingia kwenye shamba la tangawizi kama mtu aliyelala. Jino lake la mbele lilikuwa limelegea, ikawa kabla ya kila wimbo analisukuma kwa ulimi ili likae mahali pake. Aliyejua habari za jino hilo ni mkewe Yudith peke yake, na Yudith alikwisha kufariki.

Bendi yake, iliyomwita Mwalimu, ilikuwa ya watu wanane: tarumbeta tatu, honi mbili, tromboni, besi kubwa linalobebwa kama mtoto mgonjwa, na ngoma ya Asheri. Walipuliza nyimbo za kanisa, lakini usidanganyike. Asheri akishaiamsha ngoma yake, wimbo wa kanisa unageuka dansi, na vikongwe wa miaka themanini wameonekana wakiweka mikongojo chini na kuzungusha mabega mpaka barabarani. Wimbo wa kusindikiza ulikuwa mmoja tu. Ukipulizwa polepole, unapeleka jeneza kaburini. Ukipulizwa kwa haraka, ngoma ikijibu, unamtoa bibi harusi kwao. Same mjini wana madijei na spika zenye urefu wa mtu mzima, waache wafurahi nazo. Huku juu, binti asiyetolewa kwa tarumbeta huhesabiwa kama ametoroka.

Sasa kosa lake nalo lisemwe, maana alilitengeneza kwa mikono yake. Kila wimbo unahitaji mwanzishaji, na Wilbard alipokuwa kijana mwenye kifua kama mlango, alitaka mwanzishaji awe yeye na asiwepo mwingine. Mwenzake akithubutu kutangulia, alikaziwa macho mpaka ashushe tarumbeta. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na kuku wa Wilbard alikuwa ile sauti ya kwanza ya wimbo. Kesi akaishinda. Wenzake wakaacha kabisa kujifunza kuanza, wakawa watu wa kumsubiri yeye. Kijana hulifurahia jambo kama hilo. Mzee wa miaka sitini na tatu hawezi hata kuugua mafua, kwa sababu maiti ya watu iko njiani.

Kisha Yudith akafariki kwa presha, mwezi wa tano mwaka jana. Desturi yetu ni kwamba mfiwa hapulizi kwenye msiba wake mwenyewe. Yeye hukalishwa na kushikwa mkono, wengine ndio wanaomlilia. Wilbard akakalishwa kwenye benchi mbele ya kaburi, kando ya njia inayotoka nyumbani kwake. Wenzake saba wakasimama na mashati yao meupe. Eliwaza, mpulizaji wa tarumbeta ya pili, mwanamke wa miaka arobaini mwenye pumzi kuliko wanaume wote pale, akainua tarumbeta mdomoni. Akaishusha. Akainua tena, akaishusha. Asheri akapiga ngoma mara tatu ili amfungulie njia, kisha kukawa kimya. Mwinjilisti akawaonea huruma, akaanzisha wimbo kwa mdomo.

Ndivyo mke wa mtu aliyewapulizia wafu wa kata nzima alivyozikwa bila tarumbeta. Majirani hawakumlaumu Wilbard. Alijilaumu mwenyewe, na kesi ya namna hiyo haina baraza la usuluhishi. Aliendelea kwenda kwenye misiba ya watu, akapuliza, akarudi, akavua viatu, akakaa kitandani akitazama ukuta.

Mwaka huu Irine, binti yake wa mwisho, akachumbiwa na Joshua, kijana wa Kileo. Kamati ya harusi ikapendekeza dijei. Irine akasema atatolewa na tarumbeta za baba yake, la sivyo atatoka kimya kimya kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kamati ikakubali. Baba wa bibi harusi naye hapulizi. Kazi yake ni kumshika mwanawe mkono kutoka mlangoni hadi kanisani. Yale ya kaburini yalikuwa yanarudi, na safari hii mbele ya wakwe.

Akaanza kuwafundisha. Kila Alhamisi saa kumi jioni walikutana uwanjani pa kanisa, akamwambia Eliwaza aanze, na Eliwaza akamtazama. Akawageuzia mgongo, wakausubiri mgongo. Akaenda kujificha nyuma ya ofisi ya mchungaji, akasikia wanakohoa tu. Akarudi amekasirika, akawauliza wao ni watu au vigingi. Jibu alilijua yeye mwenyewe.

Alhamisi moja Irine alikuwa amekuja kutoka Same anakofundisha, akakaa kwenye ngazi za kanisa kuwatazama. Walipomaliza akamwambia baba yake kwa upole.

"Baba, hawakuangalii usoni. Wanaangalia bega lako la kushoto."

Ilikuwa kweli. Kabla ya kuvuta pumzi, bega lake la kushoto lilipanda kidogo, na wote saba walilifuata hilo. Miaka yote ile walikuwa wamejifunza bega. Wilbard alicheka, kisha akakaa kwenye ngazi kando ya bintiye na hakuinuka kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka uchovu wa mtu anayegundua kwamba mzigo unaomuua aliufunga yeye mwenyewe, tena akaukaza kamba.

Kuanzia siku hiyo alikaa chini wakati wa mazoezi, mikono kati ya magoti. Mpaka mahindi yanavunwa, Eliwaza alikuwa anaweza kuanza mara mbili kati ya tano.

Jumamosi ya harusi ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati. Wakwe wa Kileo, watu wa bondeni, walitetemeka ndani ya makoti ya kuazima wakijifanya hawasikii baridi. Gari haifiki kwa Wilbard, kwa hiyo msafara ulipangwa kwenda kanisani kwa miguu. Shangazi Beatha, dada yake Wilbard, alikuwa amemwagiza Irine ashike mkono wa kulia wa baba yake. Irine akatoka mlangoni, akazunguka, akashika wa kushoto.

Watu wakanyamaza. Wale saba walikuwa wamejipanga kando ya njia, na macho yao yote yalikuwa kwenye suti mpya ya Wilbard, upande wa kushoto. Mkwe mmoja akakohoa. Eliwaza akainua tarumbeta, akaishusha, na Wilbard akaona kaburi lote upya, benchi na mashati na yale mapigo matatu ya ngoma. Akahisi bega linaanza kupanda lenyewe. Angeliruhusu, wimbo ungeanza, harusi ingependeza, na siku ya kufa kwake angezikwa kimya kama Yudith.

Irine akauegemea mkono ule kwa uzito wake wote.

"Liache, baba," alisema kwa sauti ya chini.

Akaliacha. Lilimuuma kuliacha. Alitazama chini, kwenye viatu vyake, ili hata jicho lake lisimsaidie mtu.

Ndipo tarumbeta ikalia. Sauti ya kwanza ilikuwa yenyewe, safi, lakini mwendo ulikuwa wa jeneza. Eliwaza alikuwa ameanza kwa hofu, polepole, na wenzake wakaingia nyuma yake polepole vilevile, kwa kuwa kufuata ndiko walikojua. Fimbo ya Asheri ikabaki hewani. Wakwe wakatazamana, maana hata Kileo wanajua maiti inavyotembezwa. Shangazi Beatha akanyoosha mkono kuwasimamisha. Wilbard akamtikisia kichwa.

Njia ya kanisani inapita kando ya kaburi la Yudith. Wilbard na bintiye wakatembea kama wimbo ulivyotaka, hatua moja kwa pumzi moja, na walipofika usawa wa msalaba Wilbard alikuwa analia wazi mbele ya wakwe, wala hakutafuta leso. Irine naye alilia, na kazi ya saa mbili ya fundi wa vipodozi kutoka Same ikaishia kwenye kola ya baba yake. Eliwaza alipuliza ubeti mzima mpaka mwisho, bila kupungukiwa. Kisha akavuta pumzi, akauanza tena kwa haraka, Asheri akaipata ngoma yake, na wakwe wa Kileo wakacheza, kwanza kwa ajili ya baridi, halafu kwa ajili ya muziki.

Baada ya ibada Eliwaza alimfuata nyuma ya kanisa, tarumbeta bado mkononi. Angeweza kusema amekusudia, na kata nzima ingemsifu. Hakusema hivyo.

"Mwalimu, nisamehe. Niliogopa, pumzi ikatoka taratibu. Sikukusudia."

"Najua," alisema Wilbard. "Ungekusudia usingeweza. Ila usimwambie mtu."

Jumanne iliyofuata simu ya Wilbard ikaita akiwa anakula makande. Aliyepiga alikuwa kijana wa kijiji cha Chome. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza kwamba wamefiwa na bibi yao, mazishi ni Alhamisi, na familia inamwomba mwalimu aje awaanzishie.

"Mpigie Eliwaza," alisema Wilbard.

Mtu wa Chome hakuelewa. Hajawahi kusikia jibu kama hilo, wala baba yake hajawahi. Akauliza kwa hofu kama mwalimu anaumwa.

"Siumwi, mwanangu. Nimechoka."

Yule kijana akasema pole, akaomba namba. Wilbard akamtajia tarakimu moja moja, akamsubiri aandike, na akairudia yote ili asikosee.