Lori Lenye Homa

Juzi pale Ihanda nilimwona fundi akifunga kitambaa chenye maji kwenye bomba la petroli la lori kuukuu, nikamkumbuka bibi yangu.

Nilipokuwa mtoto, mimi na bibi tulikuwa tukimpeleka mama hospitali ya misheni, uchungu wa uzazi umemshika, amelala juu ya magunia ya kahawa. Tulipofika Kihanga dereva alizima lori ili apakie mzigo. Alipozungusha tena hendeli ya kuliwashia, lilikohoa tu, likatoa harufu kali ya petroli.

"Asubuhi liliwaka mara moja," alisema. Akagusa bomba, akauvuta mkono upesi. "Limepata moto. Tungoje lipoe."

"Mtoto hangoji, mwanangu," bibi alijibu. Akaingia shambani, akarudi na maganda mabichi ya mgomba, kama yale aliyonifunga kichwani nilipougua homa.

Dereva alicheka. "Bibi, unaliuguza lori?"

"Wewe funga."

Akayafunga kwenye bomba. Nikatega sikio nisikie kama linapumua. Baada ya muda akazungusha hendeli, likawaka.

Leo najua petroli ilikuwa imegeuka mvuke ndani ya bomba, na maganda yale yakaipoza. Siku ile niliamini lori limepona. Jioni, tulipomshukuru Mungu kwa ajili ya mama na mdogo wangu mchanga, niliomba pia lori lisirudiwe na homa. Bibi akaitikia bila kucheka, "Amina."