Siku Midomo Ilipofichwa

Kiwandani walimwita Bi Ndiyo, kwa kuwa hakuwahi kumbishia mtu. Hawakujua kwamba mshona kola huyo alikuwa kiziwi tangu homa ya usichanani. Miaka tisa alisoma midomo ya watu, na kila alipokosa neno alijibu ndiyo, maana siku ya kuajiriwa meneja alitamka waziwazi: "Viziwi hapa hatuchukui." Kana kwamba kola hushonwa kwa masikio! Aliyeijua siri hiyo ni jirani yake wa cherehani peke yake.

Asubuhi moja, kwa sababu ya vumbi la pamba, kila mtu aligawiwa barakoa. Midomo yote ikatoweka. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Na yeye, ambaye hakuiba chochote, akaona zake zimetimia. Sindano ikamchoma kidole.

Alipoinua macho, msimamizi alikuwa amesimama mbele yake. Barakoa yake ilituna na kunywea. Alikuwa anauliza kitu.

"Ndiyo, bosi," alisema Bi Ndiyo.

Msimamizi akamkazia macho. Barakoa ikatuna tena, polepole.

"Ndiyo, bosi."

Msimamizi akageuka, akaelekea ofisini kwa meneja. Bi Ndiyo akamtazama jirani yake. Jirani alikuwa analia. Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika mezani:

"Dada, amekuuliza kama wewe ni kiziwi."