Kawa Juu ya Ruta

Ruqaiya wa Kyebando husuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, kama mama yake Mnubi alivyomfundisha, na hakubali kushindwa. Kila alasiri hushindana na mdogo wake Ayesha, aliye Nairobi, katika mchezo wa magari kwenye simu. Tangu mwezi jana gari lake linaganda katikati ya mbio, na Ayesha anapita akicheka.

"Umenifanyia nini?" Ruqaiya alifoka.

"Dada, ni intaneti yako."

Akapigia simu kampuni ya intaneti. Wakamwambia azime ruta, asubiri kidogo, awashe. Gari likaenda dakika kumi, likaganda. Akahamia dirishani. Akaazima simu ya jirani. Wapi! Kilichomvuruga zaidi ni kwamba siku akiwa na wageni, mchezo haukatiki hata mara moja. Kwani wageni wanakuja na intaneti yao?

Jumapili akaja mteja kutoka Ntinda kutafuta kawa. Ruqaiya akamletea lile zuri kuliko yote. Mwezi mzima lilikuwa limefunika ruta isiingie vumbi, na alilitoa pale tu alipohitaji kufunika chakula cha wageni.

"Nimelisuka zito," akajisifu. "Funika wali adhuhuri, mpaka jioni bado ni moto."

Akanyoosha mkono akagusa ruta. Ilichoma kama sufuria.

"Kuna nini, mama?" mteja akauliza.

"Lichukue," Ruqaiya akasema. "Kazi yake linaijua kuliko mimi."