Hakimu wa Muda na Mtani Wake

Watu wa Tabora walidhani nimekwisha. Nilikuwa nimestaafu uhakimu, nalima karanga na mihogo Itetemia, na kila nilipokwenda sokoni watani wangu Wanyamwezi walinipokea kwa matusi. Mimi Mzaramo, utani wetu ni wa tangu mababu zao waliposhuka pwani na misafara ya pembe. Nikipita na baiskeli yangu walisema, mwoneni mtumwa wetu, serikali imemchoka. Nami niliwajibu yaliyowafaa. Mdomo ninao hadi leo.

Basi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akaugua, akapelekwa Dar es Salaam, na kesi za ndoa na watoto zikarundikana. Tarishi akaniletea barua shambani: nikalie kiti kwa muda, kesi hizo tu, mpaka atakapoletwa mwingine. Mbele ya tarishi nilijifanya sijali. Alipoondoka tu nikamwambia mke wangu apige pasi suti yangu ya Kaunda, naye akacheka kwa sababu kifungo cha tumboni kilikataa kufunga. Acha acheke. Siku zile za Ujamaa kila mtu alikuwa akihimizwa kujenga nchi, nami nilijua kazi ninayoiweza.

Wiki ya kwanza ikaja kesi ya mwanamke wa Kiha kutoka Kigoma. Mumewe, Mnyamwezi wa Kwihara, kijiji cha jirani, alikuwa amempa talaka, akampeleka stesheni na sanduku lake, na binti yao wa miaka minne akambakiza kwa bibi yake huko Kwihara. Wazee wa ukoo walisema mtoto ni wao, mahari ilishatolewa. Mwanamke alitaka mwanawe, basi. Hakuomba sufuria wala kitanda.

Mume alikuwa mtani wangu wa miaka mingi, muuza asali pale sokoni. Alipoitwa mbele alinitazama juu mpaka chini, akasema leo mtumwa wake kakalishwa kwenye kiti kikubwa, asije akaanguka. Watu wakacheka. Na mimi, mjinga mimi, ulimi ukaniponyoka kwa mazoea. Nikamwambia babu yake alibeba pembe mpaka kwetu akarudi na shanga tu, sasa yeye amekuja kuomba nini. Hata wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa na hakimu na kuamua naye, walishika mbavu.

Nilipokwisha kufuta macho nikamwita mama wa mtoto aseme yake. Akasimama, akawatazama waliokuwa bado wanacheka. Nikamwuliza tena. Akaanza kujifunga khanga yake vizuri kama mtu anayeaga, akasema taratibu bila kunitazama:

"Nyinyi mnajuana. Mimi niseme nini hapa?"

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Utani hauombewi radhi, hiyo ndiyo sheria yake, lakini utani ule niliuingiza mahali ambapo mtu alikuja kudai mwanawe. Mle ndani wote tulikuwa wenyeji wa vicheko vile isipokuwa yeye. Nikasimama, jambo ambalo hakimu halifanyi, nikamwomba radhi mbele ya watu wote. Kisha nikamgeukia muuza asali nikamwambia kuanzia saa ile mpaka hukumu itakaposomwa, mimi na yeye hatutaniani, na akijaribu atalala ndani. Alidhani ni mzaha mwingine. Aliponitazama vizuri, akaacha kutabasamu.

Nikamweleza mwanamke kwamba ana haki ya kunikataa. Sikumficha pia kwamba hakimu mwingine hatujui atakuja lini, na mpaka siku hiyo mtoto atabaki Kwihara. Karani aliweka kalamu chini, akangoja.

"Kaa," akasema yule mwanamke. "Ila usicheke."

Sikucheka. Nilimsikiliza asubuhi nzima, nikamsikiliza na baba mtu, nikamwita na bibi kutoka Kwihara, aje na mtoto. Yule bibi, Mungu amrehemu, alisema ukweli: mtoto alikuwa akimlilia mama yake kila siku. Sheria mpya ya ndoa ilitaka mtoto mdogo akae na mama yake isipokuwa kuna sababu nzito, na mahari haikuwa sababu. Wazee wa baraza walibisha, mmoja sana. Mwishowe tukakubaliana wote watatu. Nikasoma hukumu: mtoto aende na mama, baba aruhusiwe kumwona, na asiyeridhika akate rufaa wilayani. Najivunia hukumu ile, na sioni haya kusema. Miaka mingi nilikalia kiti kile kwa ajira ya kudumu, lakini sikuwahi kuwa hakimu kama siku ile niliyokuwa nimeazimwa.

Watu walitoka. Mwanamke alibaki mbele ya meza yangu, kamshika binti yake mkono.

"Mzee," akasema, "wanasema wewe ni wa muda tu. Akija mwenye kiti chake, si nitarudishwa hapa?"

"Wa muda ni mimi, mama," nikamjibu. "Hukumu si ya muda."

Akainama, akambeba mtoto mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa inaning'inia, akatoka kuwahi treni ya Kigoma.