Kompyuta Ilipogomea Chai ya Lupembe

Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na kila mwenye lori akiruhusiwa kununua mazao, nilipata kazi Njombe, katika ofisi ndogo iliyonunua majani ya chai kwa wakulima wadogo wa Lupembe. Nilikuwa binti mwenye cheti kipya cha takwimu. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni.

Wafadhili wa ofisi walitaka ripoti, nikaiandikia kanuni fupi: chukua kituo cha kukusanyia majani, tafuta wastani wa kilo za wakulima wake, pima wanavyotofautiana, kisha nenda kituo kinachofuata ufanye vivyo hivyo. Nilipoijaribu kwa kituo kimoja, jibu lilitoka safi. Nikaiamuru ivizungukie vyote. Ikaenda, ikaenda, mara ikasimama, ikaandika mstari wa Kiingereza na kupoteza hata majibu iliyokwisha kuyapata.

Bosi wangu, mtu wa Makete, mzee wa kanisa, aliinama akausoma mstari ule kwa sauti kama anasoma Zaburi.

"Binti, hii ni baridi."

"Mzee, kompyuta haisikii baridi."

"Mimi nimezaliwa kwenye baridi. Naijua."

Akaagiza jiko la mkaa. Tulikohoa na kutokwa machozi, kompyuta ikagoma palepale. Akamwita fundi redio kutoka Makambako. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akasema mashine ni nzima, ina kiburi tu.

"Basi iambie iruke," bosi akasema. "Ikikuta tatizo, iruke, iendelee. Mbona sisi tunaishi hivyo hivyo?"

Nikaona ana hoja. Nikaongeza amri ya kuruka. Safari hii ikamaliza kufumba na kufumbua, na bosi akanipa mkono. Printa ikatoa ukurasa mzuri, vichwa vya safu juu, mistari imenyooka, na chini yake hamna hata tarakimu moja. Kumbe katika kuhangaika nilikosea herufi moja kwenye jina la kanuni. Kila kituo kikawa tatizo, nayo kwa utii mkubwa ikaviruka vyote.

"Lakini haijapiga kelele," bosi alisema, tayari anaufungulia faili. Ilibidi niupokonye.

Nikaondoa amri ile, nikasahihisha herufi, nikaanza kuviingiza vituo kimoja kimoja kwa mkono. Nilipofikia kituo kimoja cha pembezoni mwa msitu, ikagoma. Nikaangalia takwimu zake: mkulima mmoja tu! Ili kupima tofauti, kanuni ilichukua idadi ya wakulima, ikatoa mmoja, kisha ikagawanya kwa kilichobaki. Moja toa moja ni sifuri, na kwa sifuri hakuna awezaye kugawanya.

"Wengine wako wapi?" bosi akashtuka. Kesho yake tukapanda lori la majani kwenda kuwatafuta.

Kituoni tulimkuta mama mmoja wa makamo ameketi kando ya kikapu chake, peke yake.

"Kamwene, mama. Wenzio wako wapi?"

"Kamwene. Wamehamia kwa mnunuzi mpya, ng'ambo ya kilima. Si mlisema soko huria?"

Uso wa bosi ukang'aa. "Na wewe umebaki kwa sababu ya huduma yetu."

"Huduma gani? Lori lenu linachelewa mpaka majani yananyauka. Ila kule kiongozi wao ni shemeji yangu. Sijaongea naye tangu harusi ya mwanangu."

"Tukiwarudisha wote je?"

"Akirudi yeye, mimi nahama."

Tulipokaribia mjini bosi akakata shauri. "Basi, kompyuta ijifunze kuishi na mtu mmoja."

Nikaandika sharti: kituo kikiwa na mkulima mmoja, toa wastani, acha nafasi ya tofauti wazi, taja jina la kituo, endelea. Ikavizunguka vyote bila kusita, nami nikacheka peke yangu kwa furaha.

Wafadhili walipouliza kuhusu nafasi ile iliyo wazi, bosi alikaa asubuhi nzima akiwaandikia maelezo, na kila baada ya muda alichungulia mlangoni kwangu kuuliza shemeji wa namna ile anaitwaje kwa Kiingereza.