Tuisheni ya Michi Mitatu Uani Igogo

Saa kumi jioni, katika ua mmoja Igogo, watu wazima watatu wamezunguka kinu. Kila mmoja ana mchi wake. Mwalimu wao, Wilhelmina Shimba, anatamka neno la Kiingereza, "storekeeper", kisha anaamuru: "Twanga!"

Mchi wa kwanza unashuka kwa nguvu: stoo. Wa pili unafuata, mwepesi: ki. Wa tatu unagusa tu: pa.

"Hayo ni maneno mawili yameunganishwa, na uzito unaangukia la kwanza," anasema. "Kiswahili kimetuzoesha kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho. Ukifuata mazoea utasema stoKIpa, mgeni akutumbulie macho."

Wilhelmina, 41, alikuwa mpokea simu wa kiwanda kimoja Nyakato hadi wafanyakazi walipopunguzwa miaka michache iliyopita, mwaka 1994. Siku hizi viwanda vya minofu ya sangara vinataka watu wa kuzungumza na wanunuzi wa nje, naye analea wanawe wawili kwa tuisheni.

Wiki iliyopita nusura tuisheni hiyo ife. Mwenye nyumba, Bibi Mwaija, alimtaka ahame ifikapo Jumamosi, kisa kinu kitupu.

"Kutwanga kinu kitupu ni kuita njaa," anasema bibi huyo bila kutabasamu. "Akaiite kwao, siyo kwangu."

Wilhelmina hakutaka kutia mahindi. Aliona yatameza sauti, na bila sauti hakuna somo. "Niliogopa, jamani. Ua mwingine ningeupata wapi?"

Ijumaa alisalimu amri, akamimina bakuli la mahindi kinuni. Mchi wa kwanza ulisikika vizuri, wa pili kwa mbali. Wa tatu haukusikika kabisa.

Ndalahwa, mbeba samaki anayewania kazi ya stoo, akasimamisha mchi. "Mwalimu, ya mwisho imepotea."

Wilhelmina alicheka hadi akakaa chini. "Waingereza wenyewe ndivyo wanavyoisema! Wanaimeza. Siku zote nawafokea muilegeze, kumbe dawa ni mahindi!"

Jioni ile Bibi Mwaija alipelekewa unga. Jumamosi ikapita, hakuna aliyehama.

Sasa Wilhelmina anapanga kukodi chumba chenye paa kabla ya masika. Anaponieleza hayo, bibi anatokeza na ungo wa mahindi.

"Shikamoo, bibi," wanafunzi wanamwamkia pamoja.

"Marahaba. Nani anahama?" anauliza, akimtazama mwalimu. "Ndani nina debe zima. Kesho wafundishe neno refu."