Shati la Bwana Harusi

Mwezi wangu ulikuja alfajiri ileile tuliyokuwa tuondoke Kasongo kwenda Kabambare, kwenye harusi ya mdogo wetu wa kiume. Ilikuwa safari ya kutwa nzima juu ya pikipiki mbili za kukodi, na nilijua kinachoningoja. Pedi za pakiti, nilizozitumia tangu nikiwa msichana wa shule, zilikuwa zimeanza kunichoma. Kila mwezi, siku nne nzima, nilitembea kama mtu aliyekalia upupu.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ni fundi wa kushona. Alikuwa ametoka Bukavu, ambako aliwakuta mafundi wenzake wakishona pedi za kitambaa, na tangu arudi hakunipa nafasi ya kupumua.

"Iko pamba tupu," aliniambia asubuhi hiyo, akinitupia kifuko. "Haina plastiki, haina marashi. Unavaa, unafua, unaanika juani, unavaa tena. Jaribu."

"Mu barabara hii? Yaya, unataka nifike kwa wakwe nimeaibika?"

"Basi kaa na upupu wako."

Nilivaa. Vibawa viwili vilikunjwa chini ya chupi, kifungo kikalia ta! Ilikuwa laini kama shavu la mtoto, lakini sikuiamini hata kidogo. Kila tuliposimama nilishuka mbio na kumgeuzia yaya mgongo.

"Niangalie nyuma."

"Safi."

Kilima kingine, daraja lingine la magogo: "Niangalie."

"Safi, mama!"

Mara ya nne dereva wangu akashindwa kuvumilia. "Mama, kuna mududu amekuuma?" Yaya alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Tulipofika Lusangi nilinunua ndizi, nikala nimesimama, nikapiga hadithi na muuzaji, na tulipopanda tena ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimegeuza mgongo. Nilikuwa nimesahau! Siku ya kwanza ya mwezi, na nilikuwa nimesahau. Nikaanza kuimba nyuma ya dereva, kwa sauti, bila haya.

Jioni, katika chumba tulichopewa Kabambare, nilitoa pedi nyingine kwenye kifuko, nikaigeuza. Upande wa chini ulikuwa na milia ya buluu.

"Yaya, kitambaa hiki nakijua."

Akajifanya anatafuta sabuni.

"Yaya!"

"Ni shemisi ya mdogo wetu, lile shati lake la milia," alisema, mdomo ukimcheza. "Aliniachia nimbadilishie kola, hakurudi kuichukua. Lakini pamba yake! Hakuna pamba kama ile mu nyumba yetu."

Tuliziba vinywa kwa mito ili wenyeji wasisikie kicheko chetu.

Kesho yake, saa chache kabla ya ndoa, shangazi wa bibi harusi alituita chumbani haraka. Wifi yetu mpya alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni jeupe mwilini, hina mpaka kwenye viwiko, machozi yakimlenga.

"Imekuja," alinong'ona. "Leo! Juu ya nyeupe! Nifanye namna gani?"

Shangazi alikuwa tayari kumtuma mtu dukani. Mimi nikafungua kifuko. Ilibaki moja tu kavu, na ilikuwa ya milia. Nilimwonyesha kifungo, nikamwapia kwamba nilivaa ya namna hiyohiyo kutoka Kasongo juu ya mashimo yote yale na kanga yangu haikupata hata doa. Alivaa, akatembea mpaka ukutani na kurudi, akachuchumaa, akainuka.

"Niangalie nyuma, wifi."

"Safi."

Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini furaha ilikuwa imenipanda kichwani, nikamnong'oneza sikioni kitambaa kile kilitoka wapi.

Kwetu bibi harusi huketi mkekani, macho chini, uso umetulia kama maji ya mtungi. Huyu wetu aliketi, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Wanawake wakadhani analia, wakamsifu kwa adabu yake. Kisha sheikh akatuma wajumbe kumuuliza kama amekubali kuolewa na kijana huyu. Akafungua mdomo kujibu, na kicheko kikamtoka kama kuku aliyefunguliwa tundu. "Nimekubali!" alisema katikati ya kicheko. "Nimekubali kabisa!"

Bibi mmoja akapiga goti lake. "Siku hizi wasichana wanafurahia waume waziwazi!" Vigelegele vikafunika kila kitu. Upande wa wanaume mdogo wetu alisikia, na tuliambiwa baadaye kwamba alivimba kifua kama jogoo.

Gauni lilibaki jeupe mpaka mwisho. Wifi alicheza, nami nilicheza naye, ngoma baada ya ngoma.

Asubuhi iliyofuata yaya nami tulikuwa nyuma ya nyumba na beseni, tukifua kwa maji baridi, mama wa bibi harusi akatukuta. Nilitaka kuficha, lakini yeye alichukua pedi moja iliyokauka, akaivuta, akahesabu tabaka zake kwa kidole gumba.

"Namna gani munakata?" aliuliza.

Yaya alipasua mfuko wa saruji, akachora umbo kwa mkaa. Jirani akachungulia juu ya ua, akaja na mkasi. Mwingine akaleta shuka. Madereva waliokuja kuturudisha Kasongo walipopiga honi, yaya aliinua mkono wenye mkaa, akapaza sauti: "Wangojee!"